Mkwe Asiyepiga Magoti

Kwenye mashine ya Athuman, pale karibu na stesheni ya Mpanda, watu hawakuwa wanaongea. Walionyeshana. Ukitaka sembe unapitisha kiganja juu ya kiganja, ukitaka dona unakunja ngumi, na aliyekuruka kwenye foleni ana ishara yake pia, tena hiyo kila mtu aliijua. Injini ya dizeli ilinguruma toka asubuhi mpaka jioni, mkanda unapigapiga, mabati ya banda yanatetemeka. Katikati ya hayo yote alisimama Kabula, mke wa Malale, mweupe wa unga mpaka kope, akipokea madebe na kumimina mahindi kwenye mdomo wa mashine. Kazi hiyo aliianza mwanawe Ezekia akiwa darasa la kwanza. Sasa Ezekia ameoa.

Ndiyo, ameoa, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Binti mwenyewe aliitwa Pudensiana, mtoto wa Fabiani mrina asali wa Inyonga. Mkonongo wa watu, mpole, hata kuku akimfukuza alimwomba radhi. Alifika kwa wakwe zake Wasukuma akakuta adabu ya huku haipishani na ya kwao: mkwe anamwamkia mama mkwe kwa magoti, macho chini, kanga mdomoni, sauti ya chini. Na mama mkwe anaitikia. Asipoitikia, hana haja ya kusema lolote zaidi. Amekwisha kusema kwamba mtoto huyu si wangu, mrudisheni alikotoka.

Siku ya gulio, treni ya Kaliua imeingia na foleni imefika barabarani, Pudensiana alimletea mama mkwe chakula kazini. Ezekia alikuwa amemfundisha salamu ya Kisukuma, na kwamba mama huitwa mayu, naye njia nzima alikuwa akiirudia moyoni. Akapita pembeni kwenye magunia, maana mkwe hawezi kujipitisha mbele za watu. Akapiga magoti kwenye pumba, akainama, akasema kwenye kanga yake, "Mwadila, mayu."

Kabula alikuwa amempa ubavu, jicho liko kwenye mahindi. Pudensiana akarudia. Akarudia tena. Foleni nzima ilikuwa inatazama, na Rabia mke wa Athuman, aliyekaa mlangoni kupokea hela, alinyoosha shingo kabisa asije akapitwa. Mwisho binti aliinuka, magoti yamejaa pumba, akaliacha kapu palepale na kuondoka huku anajifuta macho.

Kabula alipogeuka alikuta kapu chini na mgongo wa mkwe wake unaishia kwenye watu. Hakuona magoti. Hakusikia salamu. Alichoona ni kwamba mke wa mwanawe amemtupia ugali kama anayemtupia mbwa, kisha akajiendea zake. Iliuma. Ugali wenyewe hakuula, alimpa mbeba magunia.

*

Jioni ile kila mmoja alikuwa na kesi yake. Kabula alimweleza Malale kwamba mkwe waliyeletewa hana heshima. Malale alishangaa, kwa sababu Ezekia alishamwambia kinyume chake, kwamba mama amemkataa mke wake mbele ya mji mzima, na mke amelia mpaka kichwa kinamuuma. Malale hakuwa mtu wa maneno. Alisema tu kwamba wanawake wawili hawawezi wote kuwa wamenyimwa salamu moja, akatoka kwenda kuangalia ng'ombe wake.

Sasa niwaambie jambo ambalo Malale hakulijua, ingawa alilala nalo kitanda kimoja miaka yote hiyo. Masikio ya Kabula yalikuwa yamekufa nusu. Si kwamba hakusikia. Ungekaa naye jikoni, nyumba imetulia, angekusikia vizuri na kukujibu kwa utani juu yake. Lakini iwashwe redio, au watu watatu waanze kuongea kwa pamoja, au ng'ombe walie zizini, basi maneno yote yaligeuka uji. Sauti aliisikia, ila hakujua inasema nini. Mashine ndiyo iliyomharibu, na mashine hiyohiyo ndiyo iliyomficha, maana pale kila mtu ni kiziwi na kila mtu anaongea kwa mikono.

Aliwahi kwenda zahanati kimyakimya. Tabibu alifunga mlango wasisumbuliwe na kelele za nje, akamuuliza maswali kwa upole, Kabula akayajibu yote. Tabibu akacheka. "Mama, masikio yako ni mazima kuliko yangu," alimwambia, akamsafisha nta na kumruhusu aende. Kabula alirudi nyumbani na aibu ya mtu aliyesingizia ugonjwa.

Toka hapo alijitafutia dawa mwenyewe. Alijifunza kutazama midomo. Alijifunza kucheka wenzake wakicheka, na kuitikia kwa kichwa wenzake wakiitikia. Kwao Shinyanga aliwahi kuona bibi kiziwi aliyewekwa pembeni ya moto, watu wanaongea juu ya kichwa chake kama juu ya chungu, wanamsema naye yupo. Kabula aliapa kwamba yeye hatakuwa chungu. Tena kazi ya mashine inataka mtu anayesikia mkanda ukianza kuchoka, na Athuman hana msalie mtume na mfanyakazi mbovu.

Lakini kutazama midomo kuna ubaya wake. Pudensiana aliona jinsi mama mkwe anavyomkodolea mdomo akiongea, bila kupepesa, akaogopa. Alimnong'oneza Ezekia kwamba mama yako ananiangalia mdomoni kama anayetaka kunitoa ulimi. Ezekia akamwambia azidishe heshima, labda mama atalainika. Binti wa watu akazidisha. Akainama zaidi, kanga akaipandisha mpaka puani, sauti akaishusha mpaka ikawa pumzi tu. Na kadiri alivyomheshimu mama mkwe, ndivyo alivyozidi kupotea kwake. Asubuhi nyingine Kabula aliitikia, asubuhi nyingine akapita kama aliyepita kisiki. Majirani wa mtaa wao wa Kawajense walishamaliza hukumu: yule mama anasikia akitaka.

Haikuchukua muda habari ikafika Inyonga. Fabiani akaja na dada yake Dorotea, shangazi aliyemlea Pudensiana toka utotoni, na dumu la asali mkononi.

*

Ilikuwa mwaka wa tisini na saba, mwaka wa mvua za Elnino. Malale alikuwa ameezua nyasi na kupiga bati kwa heshima ya harusi ya mwanawe, nyumba ya kwanza ya bati upande ule, na alijivunia bati lake kuliko hata ng'ombe. Wageni walipokaribishwa ndani, mbingu ilikuwa nyeusi ingawa jua lilikuwa halijafika kutua. Fabiani aliliweka dumu la asali katikati ya chumba, halijafunguliwa. Asali ya wakwe inafunguliwa mambo yakiisha vizuri.

Wanaume walikaa kwenye vigoda, wanawake kwenye mkeka ukutani. Kabula alitaka kukaa pale anapoona nyuso, ila mwanamke mwenye kesi hakai akiwakodolea wakwe, akabanwa pembeni karibu na mlango. Dorotea alianza kusema. Alieleza salamu ya kwenye mashine, akaeleza na za asubuhi, moja baada ya nyingine. Kabula alizipata nusunusu, akawa anangoja zamu yake aseme ya kapu la ugali.

Ndipo mvua ikashuka.

Ilishuka kwa mkupuo, juu ya bati jipya lisilo na dari, kama mtu amemwaga gunia la mahindi kwenye debe tupu. Watu wazima wenye masikio yao walianza kupaza sauti. Kwa Kabula mazungumzo yalikatika palepale. Alibaki anaona vinywa vikifunguka gizani. Dorotea ananyoosha kidole. Ezekia ameshika kichwa. Malale anasema jambo, anatikisa mkono. Angeweza kusema kwamba hasikii. Neno lilifika mpaka kwenye ulimi. Akamkumbuka bibi wa pembeni ya moto, akalimeza.

Fabiani alimgeukia. Alikuwa na ndevu nyingi zilizofunika mdomo, na alisema taratibu kwa uchungu wa mzazi. Alimwambia hataki kusikia ya shangazi wala ya majirani, anataka kusikia kwake yeye mwenyewe. Akamuuliza, "Binti yangu humtaki, nimrudishe kwetu?"

Kabula aliona uso wa huzuni na watu wote wamemgeukia, wanangoja. Alidhani mzee wa watu anaomba yaishe. Akafanya alichozoea kufanya siku zote. Akatabasamu na kuitikia kwa kichwa.

Fabiani aliinama, akaokota dumu lake la asali.

*

Mvua za mwaka ule zilikuwa na tabia ya kukatika kama zilivyoanza. Bati lilipoanza kudondosha matone tu, Kabula alisikia vizuri kabisa sanduku likiburutwa kwenye chumba cha Ezekia, na kilio cha mtu anayejizuia. Akauliza kuna nini, wanakwenda wapi. Malale alimtazama kama mtu asiyemfahamu. Alimwambia, "Si umekubali mwenyewe, mama Ezekia. Umeulizwa kama humtaki, ukaitika. Tena ukacheka."

Kabula aliona kwamba sasa hana pa kujificha. Akisita kidogo tu, mke wa mwanawe amekwenda, na mwanawe hatamsamehe mpaka anaingia kaburini. Kwa hiyo aliyasema, mbele ya wakwe, amesimama, mikono haijui ikae wapi.

"Mimi sisikii. Mvua ikinyesha sisikii. Mashine ikinguruma sisikii, watu wakiwa wengi sisikii. Nakisia tu. Huyu mtoto sijawahi kumkataa. Nilikuwa najua yeye ndiye haniamkii."

Mtu ukiivua aibu yako mwenyewe mbele za watu unategemea angalau wakuonee huruma. Dorotea alimuuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama sasa hivi anamsikia. Kabula akasema sasa anamsikia. Dorotea akamuuliza kama sanduku amelisikia. Akasema amelisikia. Dorotea akawageukia wenzake na kuwaambia kwamba huo ni uziwi wa aina yake, unaokuja na mvua na kuondoka na mvua, na kwamba katika maisha yake hajawahi kuona kiziwi anayeitikia "hodi." Ezekia mwenyewe, mtoto wa tumbo lake, alitazama chini.

Malale akaanza kusema polepole, kama anayetafuta njia gizani. Alisema kila jioni akifungua redio mke wake huizima, naye siku zote alidhani anabania betri. Akasema amemwita toka zizini miaka mingapi haitikii, naye akajua ni kiburi cha mwanamke mwenye kazi ya mjini, na kwa ajili ya kiburi hicho kuna siku alizonuna mpaka chakula akagoma. "Kumbe hakusikia," alisema. "Kumbe nilikuwa namnunia mtu asiyesikia." Machozi yalimlenga mzee wa watu, akayaficha kwa kukohoa.

Lakini Dorotea alisema mume kumtetea mke ni sheria ya kitanda, haiwezi kuwa ushahidi. Fabiani alisema hana ugomvi na mtu. Watalala kwa ndugu yao karibu na soko, asubuhi wanapanda lori la Inyonga na mtoto wao. Asali aliondoka nayo.

*

Pudensiana hakulala. Alikuwa amelala kwenye mkeka wa watu, pembeni ya shangazi yake anayekoroma, na moyo wake ulikuwa unarudi kwenye jambo moja. Asubuhi anazotoka kisimani na ndoo kichwani, ndoo imejaa, mtu hawezi kuinama wala kupiga magoti. Huwa anasimama, shingo wima, uso juu, kanga imeshuka mabegani, anaamkia hivyohivyo kwa haraka huku anaona haya. Na asubuhi hizo mama mkwe aliitikia. Hakuna hata moja aliyokumbuka ambayo hakuitikia. Aliwahi kudhani ni kwa sababu ya maji, kwamba mama anapenda mtu anayeleta maji.

Kulipokucha Malale alimwambia mkewe asiende kazini. Kabula alikwenda. Angekaa nyumbani afanye nini, ahesabu bati? Injini iliwashwa, foleni ikajipanga, na Rabia alikuwa amekwisha kuwamegea wateja habari ya jana kabla hawajatua madebe. Kabula aliona wanavyopeana macho. Mwingine, mwanamke mtu mzima kabisa, alishika sikio lake na kumtolea meno. Akamimina mahindi.

Njia ya kwenda kwenye malori ilipita mbele ya mashine. Fabiani alitangulia na dumu lake, Dorotea akamfuata, na Pudensiana nyuma na mzigo wake kichwani. Walipofika usawa wa banda, binti alisimama. Shangazi alimshika mkono, akamwambia asijidhalilishe mara ya pili. Pudensiana aliutoa mkono wa shangazi taratibu. Akautua na mzigo, isije ikasemwa kwamba ni mzigo uliomzuia kupiga magoti.

Akapita katikati ya foleni, mbele za watu, akaenda kusimama uso kwa uso na mama mkwe wake. Hakupiga magoti. Kanga aliishusha mabegani. Alisimama kama aliyebeba ndoo, kidevu juu, akamtazama mama mkwe machoni, jambo ambalo shangazi yake alimfinya utoto mzima asije akalifanya kwa mkubwa yeyote. Wanawake wa foleni walishika vinywa. Huo ulikuwa utovu wa adabu ambao mji ule ulikuwa haujauona.

"Mwangaluka, mayu," alisema.

Sauti yenyewe haikumfikia Kabula, iliishia kwenye ngurumo. Ila mdomo aliuona wote, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, mdomo wa mtoto unaotetemeka. Debe lilimponyoka.

"Mwangaluka, mwanangu," aliitikia kwa nguvu mpaka Rabia akasikia mlangoni. "Umeamkaje?"

Pudensiana akasema ameamka salama. Kabula akamuuliza alilalaje. Akamuuliza baba yako ameamkaje, na shangazi, na mvua haikuwanyeshea huko mlikolala? Akamuuliza yote ambayo mama mkwe huuliza na ambayo hakuwahi kumuuliza asubuhi zote zile, na kila jibu alilisubiri kwenye midomo ya binti, akalipokea, akaendelea na lingine. Wote wawili walikuwa wanalia na hawakujifuta.

Mahindi yaliisha kwenye mashine. Mashine ikianza kusaga hewa inapiga kelele nyingine kabisa, ya chuma kwa chuma, na hiyo inaua mawe ya kusagia. Foleni ikaanza kumwita. Athuman alitoka mbio kwenye chumba cha injini huku anapiga kelele. Rabia alipiga sufuria kwa kijiko. Watu wote waliokuwa pale, wanaume kwa wanawake, walikuwa wanapayuka nyuma ya kisogo cha Kabula, "Mama, mahindi! Mama, mashine!" na Kabula amesimama palepale, hageuki, hapepesi, anamuuliza mkwe wake kama usiku aliota vizuri.

Fabiani alikuwa barabarani, ameshika dumu. Alimtazama yule mama na ule umati uliokuwa ukimpigia kelele mgongoni. Mrina asali ni mtu wa kutazama kabla ya kusogea. Alitazama kwa muda, kisha akamtazama dada yake. Dorotea alikuwa ameinamisha uso.

Pudensiana ndiye aliyemwonyesha kwa kidevu, nyuma yako, mama. Kabula akageuka, akaona watu wote na midomo yao wazi, akaona mashine inavyoteseka. Athuman aliizima. Kimya kikaingia ghafla, kimya ambacho mashine ile haikuwahi kukitoa mchana, na ndani ya kimya hicho tajiri alimuuliza, mbele ya wote, kama ni kweli hasikii.

"Sisikii," alisema Kabula. "Ukitaka kuniambia kitu, njoo mbele nikuone."

Hata kama Athuman alikuwa na neno la kumfukuza, hakulitoa siku ile. Fabiani alipita kwenye foleni na mzigo wa binti yake begani, mwanaume mzima na sanduku la mwanamke, asimjali anayecheka. Alimkuta Kabula, akalitua dumu miguuni pake, akasimama mbele yake kabisa. Akazishika ndevu zake kwa mkono mmoja, akazivuta pembeni ili mdomo uonekane.

"Mama," alisema, "nimeleta asali."